Mwiko wa Tordis

Coon Valley, Wisconsin
4 Oktoba 1976

Kwako Denise Kubiak, binti wa dada yangu,

Salamu zitangulie, hoja zifuate, kama ipasavyo baina ya watu ambao hawajapata kuonana. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi hutangulia redio katika kutabiri baridi. Ng'ombe wote thelathini na mmoja ni wazima. Mahindi ya silo, ya kulishia ng'ombe, yamekwisha kukatwa. Jirani yangu Einar Tveit amempoteza mbwa wake mzee na hataki kuzungumziwa habari za mwingine.

Barua yako ya tarehe 19 Septemba nimeipokea kwa mshangao ambao nimeshindwa kuuficha hata mbele ya mleta barua. Unajitambulisha kuwa mtoto wa mwisho wa Borghild, na kwamba wewe ni mwanafunzi mjini Madison. Unaeleza kwamba, ulipokuwa ukitafuta blanketi ndani ya sanduku la mama yako, uliyakuta magazeti mawili ya hadithi ya mwaka 1938 yamefungwa ndani ya aproni, pamoja na bahasha kuukuu yenye anwani ya shamba hili, na kwamba umetambua kuwa yule "H. B. Dalen" aliyeandika habari za Tordis Mpita-Njia ni mimi. Nakiri. Nakala zangu mwenyewe marehemu baba alizitia jikoni zikapikia uji. Sikujua kama dada yangu aliwahi kuziona.

Kuhusu mchezo wenu: nimeisoma aya hiyo mara tatu. Naelewa kwamba mnakaa mezani bila ubao wala karata, kila mmoja akinena kwa niaba ya mtu wa kubuni, na kwamba mtu huyo sharti awe na fani: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi. Umeandika kwamba fani hizo hazikuzuka mezani, bali zimechotwa katika hadithi za bei rahisi. Hilo nimelitambua bila kuambiwa. Mwizi wenu apandaye kuta nilimfahamu nikiwa na miaka kumi na sita, na mchawi anayelisahau kila neno la uchawi akishalitamka nimemsoma mahali, chini ya jalada la aibu. Sikutarajia tu kwamba watu wangu nao wangechotwa.

Sasa hoja. Katika jarida la klabu yenu uliloniambatishia, fani ya Mpita-Njia imewekewa mwiko huu: "Hawezi kuingia nyumba yoyote mpaka mwenye nyumba amwite kwa jina." Nalipinga neno la kwanza. Mimi niliandika *hataki*. Nililionyesha jarida hilo kwenye kiwanda cha siagi cha ushirika, ambako mimi ni katibu, na Einar akaniuliza mbele ya watu, "Halvor, huyu dada asiyeweza kuvuka mlango, naye ana goti kama lako?" Watu walicheka. Naomba sahihisho katika toleo lijalo.

Mama yako hajambo?

Ni mimi, mjomba wako,
Halvor Brekke

---

Madison
17 Oktoba 1976

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana niliona si vizuri kukaa mbele ya lugha nzito namna ile ya heshima. Sisi hatujambo. Kaka Ray amepata mtoto wa kike, kichwa cheupe kama kitunguu. Baba yangu Stan bado yuko kiwandani, anasema atastaafu mwakani, na amesema hivyo tangu mwaka juzi. Gari lake limekufa mara mbili mwezi huu. Shangazi Wanda kang'olewa meno.

Ombi lako nimelifikisha mezani Jumamosi. Skip, ambaye ndiye msimamizi wa mchezo, alilisoma kwa sauti, na Duane, anayecheza mwizi, akavua kofia. Halafu mabishano yakaanza.

"Mwiko wa kutotaka si mwiko," alisema Duane. "Mimi sitaki kuosha vyombo. Je, hiyo ni fani?"

"Kwako wewe ni fani," nikamwambia, "tena umepanda mpaka ngazi ya tisa ya ustadi."

Lakini ana hoja, Mjomba. Mchawi haruhusiwi kuvaa deraya. Kasisi haruhusiwi kushika upanga. Kila mmoja hupewa nguvu zake kwa sababu ya kile alichonyimwa, na fani isiyo na mwiko ni jina tu. Ukiniambia Tordis *hataki* kuingia, basi siku joka likimkimbiza mchezaji wake atasema, "Leo nataka," na ataingia ndani ajifungie. *Hawezi* ndilo neno linaloushika mwiko usianguke. Na jarida limekwisha kutoka. Watu wanne wa Ohio wameandika kusema wanacheza Mpita-Njia. Watu wanne! Mmoja wao ni daktari wa meno.

Jambo jingine. Fani yetu inaishia ngazi ya saba, kwa sababu hadithi yako inaishia hapo: Tordis amesimama nje ya nyumba ya baba yake mwenyewe, taa inawaka ndani, na chini pameandikwa kwamba sehemu ya tatu itafuata. Baba anasema lile gazeti lilikufa mwaka ule. Tunakwama. Mimi ndiye ninayemcheza Tordis, na nimesimama nje ya ule mlango wiki tatu. Tafadhali, Mjomba, sehemu ya tatu inasemaje?

Mpwa wako,
Denise

---

Coon Valley
30 Oktoba 1976

Mpwa wangu Denise,

Nakushukuru kwa habari. Barafu ya kwanza imeshika birika la ng'ombe. Mpongeze kaka yako kwa kitunguu chake. Nimeona pia kwamba umenijulisha hali ya ndugu, baba, shangazi na gari. Mama yako hukumtaja. Silalamiki, naliweka tu katika kumbukumbu.

Sehemu ya tatu ilipotea posta.

Umenieleza kwa nini meza yenu inahitaji neno *hawezi*. Ni haki nami nikueleze kwa nini nahitaji lile jingine, ingawa nimezoea kuandikia halmashauri habari za madaraja na makalvati, si habari kama hizi.

Mwezi Novemba 1937 dada yangu alirudi hapa kutoka Milwaukee akiwa ameolewa na baba yako, Mkatoliki, katika kanisa la Kikatoliki, nasi ni Walutheri. Alisimama kibarazani na sanduku lake. Theluji ilikuwa nyepesi, ya kulowesha. Baba yetu alikuwa ndani, mezani, na gazeti la Kinorwe mkononi, na mlango ulikuwa wazi. Borghild akasema: "Ukiniita kwa jina langu, Baba, nitaingia. La sivyo siingii." Baba akageuza ukurasa. Dada yangu alingoja mpaka theluji ikaonekana begani mwake, kisha akachukua sanduku akashuka kuelekea barabarani. Miezi mitatu baadaye nilimwandika Tordis. Huo ndio uchawi wake wote.

Kwa hiyo neno hilo si dogo. Asiyeweza, hakuna la kumfanyia. Lakini asiyetaka, huenda siku moja akataka. Juu ya neno hilo nimejenga miaka thelathini na tisa.

Nina sababu ya kuharakisha. Sina mke wala mtoto, na goti limekwisha kutoa hukumu. Shamba nimelikabidhi kwa familia changa kutoka Cashton, watakaohamia tarehe 1 Aprili, na wamesema waziwazi kwamba nyumba wataibomoa wajenge nyingine. Ningependa dada yangu akae jikoni mle hata mara moja kabla ya siku hiyo. Sina ombi kubwa kuliko hilo. Nakuuliza wewe uliye karibu naye: je, anataka?

Mjomba wako,
Halvor Brekke

---

Coon Valley
12 Desemba 1976

Mpwa wangu Denise,

Natumai hujambo na mitihani haijakuelemea. Hapa theluji imefika kwenye madirisha ya zizi. Ng'ombe mmoja amezaa nje ya majira. Einar amechukua mbwa mpya, baada ya kuapa kwamba hatachukua.

Wiki sita zimepita tangu nikuandikie. Yawezekana barua ilipotea, ingawa posta yetu, kwa maoni yangu, haina tabia hiyo. Nafahamu kwamba nilikwisha kuandika kinyume cha hayo katika barua iliyotangulia.

Naambatisha lefse kumi na mbili, mkate wetu wa viazi, zilizopikwa na wanawake wa kanisa. Zipashwe moto kidogo, zipakwe siagi. Sita ni zako. Sita nyingine utajua mwenyewe zifike wapi.

Halvor Brekke

---

Madison
9 Januari 1977

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe. Barua ilifika siku ya tatu tu. Sote tuko salama. Na Mama yuko salama. Nilikuwa simtaji kwa sababu tangu Septemba alikuwa akijua kwamba ninakuandikia, na alikuwa amesema neno moja tu: "Mwandikie ukitaka. Mimi siandiki." Nami nikaogopa kulibeba neno hilo mpaka kwako.

Lakini kuna jambo lililonitesa zaidi, na sasa nalisema. Lile gazeti la 1938 ninalo hapa mkononi. Ukurasa wa arobaini na moja. Limeandikwa *hataki*, Mjomba. Mchapaji wako hakukosea. Na mimi nilipoandika ile fani kwa mkono niliandika *hataki* vilevile; kubishana kwangu na wewe kulikuja baadaye, nilipokuwa naitetea karatasi ambayo ilikwisha kutoka. Nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Na mpiga chapa wa jarida letu ni Mama. Yeye hupiga matangazo ya parokia, na padri humruhusu kutukatia stensili za kunakilia jarida letu kwa mashine ileile.

Krismasi nilikwenda nyumbani na lefse zako. Alikula moja kavu, amesimama, bila siagi. Nikaona wakati ndio huo.

"Mama, kwenye lile jarida ulikosea. Mimi niliandika hataki."

"Sikukosea."

"Hata gazeti linasema hataki. Nimelisoma."

"Basi na gazeti limekosea," akasema. "Na aliyeliandika."

Baba akainuka akaenda kutazama gari, ambalo safari hii halikuwa na shida yoyote.

"Kila mtu anasema sikutaka," akaendelea Mama. "Baba yako anasema, eti Betty, ndiye mimi, ana kichwa kigumu. Mtu asimame kibarazani viatu vimelowa, ananusa kahawa ya mama yake, halafu mwambie hakutaka kuingia! Nilikuwa nimekwisha kulisema lile neno. Miguu haikuja. Niliiambia ije, haikuja." Akafuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Na muulize mjomba wako yeye alikuwa wapi. Hadithi nzima ameandika, kajisahau yeye tu."

Nikamwambia kwamba kwenye barua hukusema ulikuwa wapi.

"Alikuwa pale. Mlangoni, na ndoo mbili. Alinitazama usoni, akafungua kinywa hivi. Kisha akaenda kukamua."

Niliuliza kama angekuja kabla ya Aprili. Alizifunika lefse zilizobaki. Halafu akasema hivi, na naandika kama alivyosema, nisije nikashtakiwa kwa kosa la chapa: "Baba alizikwa mwaka hamsini na moja. Tangu siku ile mwenye nyumba ni nani?"

Sijui kama nimefanya vyema kukuandikia haya. Nimeikunja barua hii na kuikunjua siku nne.

Denise

---

Coon Valley
23 Januari 1977

Mpwa wangu Denise,

Umefanya vyema. Afya yangu ni ile ile, na ng'ombe nao. Leo naomba niishie hapo kwa upande wa habari.

Ni kweli nilikuwa mlangoni. Ndoo zilikuwa mbili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na nilimwogopa baba yangu, na hayo ndiyo maelezo yote niliyo nayo, nami nayaona kuwa hayatoshi. Tena siku ya mazishi ya baba, mwaka 1951, niliona gari limesimama barabarani nje ya uzio wa makaburi, na mwanamke ndani yake mwenye kofia ya kijivu. Nilijua ni nani. Nilisema moyoni: akitaka atashuka. Gari lilingoja mpaka mwisho wa wimbo wa mwisho.

Sehemu ya tatu haikupotea posta. Haikuandikwa. Sikujua mwenye nyumba angesema nini, na baada ya mwaka 1951 nilijua kwamba ilinipasa kujua.

Alhamisi nilipiga simu Milwaukee. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Akapokea mwanamume.

"Naomba kuzungumza na Borghild," nikasema.

"Nani?"

"Borghild."

"Hapa hakuna mtu huyo, bwana. Umekosea nambari."

Nikaomba radhi. Nilipokuwa naishusha simu nikamsikia akicheka na mtu pembeni: "Betty, kuna mzee hapa anamtafuta Boriboli sijui nani." Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha pumzi.

"Ni nani?" akasema dada yangu.

"Ni Halvor."

"Sauti yako naijua. Nimeuliza, umemtafuta nani?"

Denise, karatasi ilikuwa mbele yangu. Jina lilikuwa mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa. Mume wake nilimtajia mara mbili bila shida. Kwake yeye nilifungua kinywa, na nikauliza kama Milwaukee kuna baridi.

"Ipo," akasema. Kisha akakata simu.

Sasa naelewa *hawezi* ni kitu gani. Ombi langu la mwezi Oktoba naliondoa rasmi. Acheni neno lenu lilivyo, na mwambieni daktari wa meno asilibadilishe. Mahali pake naweka ombi jingine, na hili si kwa klabu. Jina lile siliwezi kwa simu. Naamini lina mlango wake. Mlete.

Mjomba wako

---

Madison
6 Machi 1977

Shikamoo Mjomba,

Habari fupi, maana nina mtihani kesho. Mtoto wa Ray ameota jino.

Nilimsomea Mama barua yako yote. Baba anaapa kwamba tangu siku ya ndoa hajasikia akiitwa ila Betty. Hakusema atakuja. Alisema gari la Baba limewekwa matairi mapya, na kwamba Jumamosi ya tarehe 26 parokia haina matangazo ya kupiga chapa. Baba ataendesha. Mimi sitaweza kuja, kwa hiyo usiniache gizani. Niandikie kila kitu, hata kisichofaa.

Mezani kwetu Tordis bado yuko nje ya mlango. Duane alipendekeza turushe dadu kuona kama mwenye nyumba ataita. Skip akakataa. "Hapa dadu haina kazi," alisema. "Hapa mtu aseme."

Denise

---

Coon Valley
28 Machi 1977

Mpwa wangu Denise,

Umeomba uandikiwe kila kitu. Theluji imeyeyuka na ua wote ni tope. Ng'ombe wamekwisha kuchukuliwa, na ukimya wa zizi ni jambo ambalo sikulitayarishia maneno. Vikombe vitatu vya kahawa tuliyokunywa viko mezani tangu juzi. Sijaviosha. Kimoja kina alama ya rangi ya mdomo, na ukutani juu ya jiko kuna msumari ambao nimeambiwa kwamba miaka yote hii nimekuwa nikiuita wa Baba, kumbe aliupigilia dada yangu.

Walifika saa tano na nusu asubuhi. Baba yako alibaki garini na injini ikinguruma. Dada yangu alishuka akatembea juu ya mbao nilizotandaza, akasimama mbele ya ngazi ya chini ya kibaraza. Amekuwa mfupi. Ana miguu ya mama yetu. Nilitoka na maelezo yangu mkononi, na nikiri kwamba nilikuwa nimevaa tai.

"Halvor," akasema, "umeniandikia ombi?"

"Ni maelezo mafupi."

"Kurasa ngapi?"

"Nne."

"Mungu wangu. Weka chini."

Niliziweka juu ya kibaraza, na kwa sababu ya upepo nikazikanyaga kwa kiatu. Sikuwa na kitu kingine mkononi. Alinitazama usoni kama alivyonitazama siku ile, na kinywa changu kilifunguka kama siku ile, na nilihisi kabisa jinsi ambavyo ningeweza kumuuliza kuhusu barabara.

"Borghild," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo na ya kukwaruza. Lakini ilitoka.

Hakuingia. Alifumba macho. Injini ya gari ikazimwa.

"Tena," akasema.

Nikamwita tena, kwa nguvu zaidi. Ng'ambo ya uzio Einar akainua kichwa kutoka kwenye trekta lake, na mbwa mpya akaanza kubweka. Baba yako akashusha kioo cha gari taratibu, akatoa kichwa chote nje, apate kusikia vizuri mke wake anaitwa nani. Nami sikukoma. Niliita kama mama yetu alivyokuwa akiita kwenda bondeni wakati wa chakula, kwa kuivuta silabi ya mwisho, mpaka jina likarudi kutoka mlimani. Dada yangu alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja kwenye ngazi, na mkono kwenye nguzo, na machozi yakimfika kidevuni bila yeye kuyafuta, na bado hakupanda.

"Tena, Halvor," akasema. "Usiharakishe. Tena."

Mjomba wako,
Halvor